Fuso inaposema "shimasu": Kijapani cha salamu kwa mtu wa Kilombero

 

Kama umewahi kukaa jirani na mashine za kukoboa mpunga Ifakara wakati wa msimu, Kijapani umeshakisikia, hujui tu. Fuso inakuja kupakia mchele, dereva anaweka gia ya nyuma, mara sauti ya dada mmoja mpole inatoka kule mkiani mwa gari: "Bakku shimasu, go-chuui kudasai. Bakku shimasu, go-chuui kudasai." Si fuso zote, nyingine spika ilishakufa zamani, lakini zile ambazo bado zinaongea watoto wanaziigiza mpaka basi. Na wenye gari ndogo nao wana dada wao: ukiwasha tu, kidude kilichobandikwa karibu na usukani kinalalamika "...kaado ga soonyuu sarete imasen", na mwenye gari mwaka wa tano huu hajui anaambiwa nini.

Anaambiwa hajaweka kadi. Kule Japani barabara kuu nyingi zinalipiwa, na gari zina kifaa cha kulipia bila kusimama getini. Kadi haipo, basi dada anakumbusha, na ataendelea kukumbusha mpaka gari life au fundi akate waya. Ile ya fuso nayo ni hivi: "Narudi nyuma, tafadhali kuweni makini." Hiyo bakku yenyewe wameiazima kwa Mwingereza, kama sisi tulivyoazima gia.

Sasa sikiliza miisho ya hayo maneno: shimasu, imasen, kudasai. Ishike hiyo, maana ndiyo habari yote ya leo. Vitabu na kurasa nyingi zinakupa orodha ya maneno hamsini ukariri: hujambo ni hili, asante ni hili, kwaheri ni hili. Unakariri, unakutana na Mjapani, unaharibu. Heshima ya Kijapani sehemu kubwa haiko kwenye neno lenyewe, iko kwenye mkia wake. Mkia ukiwa mrefu umetoa shikamoo. Ukiukata umesema mambo vipi. Na mtu aliyelelewa huku kwetu, anayejua bila kufundishwa darasani nani anapewa shikamoo na nani anapewa mambo, huyo nusu ya kazi ameshaimaliza. Kijapani kwake ni rahisi kuliko kwa Mzungu, amini usiamini.

Mimi nilijifunza hayo kwa aibu.

Ilikuwa enzi za kivuko, kabla daraja la Mto Kilombero halijafunguliwa rasmi mwaka 2018. Alikuja mzee mmoja wa Kijapani kwa mambo ya mpunga, akawa anatembelea vijiji vya njia ya Mlimba. Alihitaji kijana wa kutembea naye wiki tatu, kubeba vifaa na kumpeleka kwa wakulima. Kiswahili alikuwa anakijua kiasi. Mimi nikajiona nina bahati kuliko vijana wote wa mji, kwa sababu nilikuwa na Kijapani cha kwenye katuni zao. Nilikuwa nashinda naziangalia, mistari kibao ninayo kichwani. Nikamfuata asubuhi, kifua mbele, nikamwambia: "Omae, genki ka?"

Mzee akatabasamu. Akanijibu kwa Kiswahili, taratibu kabisa: "Sijambo, ahsante."

Kumbe omae ni "wewe" ya kuitana washkaji, au ya kumtishia adui kwenye sinema. Na mkia wote nimeukata! Ni sawasawa na kijana wa miaka 20 amkute babu yake kibarazani amwambie, "Oya we, uko fiti?" Kibarua akapewa mwenzangu ambaye alikuwa na maneno mawili tu aliyofundishwa na dereva wao: ohayoo gozaimasu asubuhi, na otsukaresama desu jioni. Siwezi kuapa kwamba nilikosa kwa ajili ya neno moja. Mwenzangu alikuwa na baiskeli pia, mimi sina. Lakini kila nilipomwona anapita na yule mzee kuelekea mashambani roho iliniuma, ndipo nikaanza kukitafuta Kijapani cha kweli.

KWANZA KABISA, HUYO SI MCHINA

Huku bondeni tuna sababu ya kukosea. Reli ya TAZARA ilijengwa na Wachina kati ya 1970 na 1975, ikapita Ifakara na Mlimba, wazee wetu wakafanya nao kazi. Kwa hiyo mtoto wa hapa akiona mtu wa Asia ya Mashariki anapiga kelele "Mchinaa!", na wale waliochangamka wanaongezea "nihao". Mjapani ukimwambia nihao hatakugombeza, ila ni kama wewe ukiwa ugenini ukaitwa Mnaijeria kwa sababu tu ni mweusi. Waswisi hapa Ifakara tumewazoea, walianza mambo ya utafiti wa magonjwa tangu mwaka 1949 na hakuna anayewaita Wajerumani tena. Basi na Wajapani tuwazoee.

Maana wapo. Vijana wao wa kujitolea wa JICA wanakuja Tanzania tangu miaka ya 1960, wengi wakiwa walimu wa hesabu na sayansi. Kule Moshi waliingia kwenye umwagiliaji wa mpunga tangu miaka ya 1980, na kituo cha mafunzo ya kilimo cha KATC kimefundisha wakulima na mabwana shamba kutoka mikoa mingi. Na bonde letu hili limeshaandikwa mpaka Kyoto: mwaka 2007 jarida la chuo kikuu cha huko lilichapisha makala nzima kuhusu jinsi Kilombero ilivyogeuka kuwa eneo kubwa la mpunga. Watu wanatusoma sisi, sisi hatujui hata kuwaambia habari za asubuhi.

Haya, twende kazi.

MATAMSHI KIDOGO

Hapa tunapendelewa. Irabu zao ni tano zilezile, a e i o u, zinatamkwa kama zetu, na karibu kila silabi inaishia na irabu kama Kiswahili. Ukisoma neno la Kijapani kama unavyosoma Kiswahili umepatia kwa kiasi kikubwa. Anayechanganya r na l pia asihofu, wao wanayo sauti moja tu ya katikati, hakuna atakayekucheka.

Mitego ni miwili. Kuna irabu ndefu, ambazo hapa naziandika mbilimbili (kwingine utaona ou, au o yenye kimstari juu). Usizifupishe: obasan ni shangazi au mama mdogo, obaasan ni bibi. Ukimwita mama wa miaka arobaini obaasan, shauri yako. Mtego wa pili ni ile u ya mwisho kwenye desu na masu, inamezwa. Inasikika "des", "mas". Msikilize dada wa fuso, yeye anatamka vizuri kuliko mimi.

SALAMU ZENYEWE

Asubuhi ni ohayoo gozaimasu. Maana yake ya asili ni kama "umewahi kweli leo", na inafaa mpaka saa nne hivi. Hapo uuone mkia: gozaimasu. Kwa mwalimu, bosi, mgeni, mtu usiyemfahamu, toa neno zima. Kwa mshkaji wako au mdogo wako ohayoo peke yake inatosha. Ndiyo tofauti yenyewe ya shikamoo na mambo, ila neno ni moja, linakatwa au halikatwi.

Mchana ni konnichiwa, jioni mpaka usiku ni konbanwa. Hizi mbili hazina mkia, na sababu yake inachekesha kidogo: zenyewe ni sentensi ambazo hazikumaliziwa. Konnichiwa ni "leo hii ni...", basi, inaishia hapo. Zamani iliendelea, leo hii ni siku ya namna gani, hali yako vipi, nk. Watu wakaichoka katikati. Sisi wenyewe si tunasema "Habari?" tu, habari ya nini hatusemi? Sasa kwa vile haina mkia, heshima unaiweka kwenye shingo: unainamisha kichwa kidogo. Usijipinde kama unatafuta sindano, kichwa na mabega vinatosha.

Na hapa ndipo mtu wa pwani na bara anapoharibu. Sisi tukisalimiana ni safari ndefu: habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za shamba, za tangu juzi, mkono bado umeshikwa. Vitabu vinafundisha o-genki desu ka, yaani "u mzima?", basi Mtanzania anamuuliza Mjapani kila asubuhi. Anaona ajabu. O-genki desu ka wanaiweka zaidi kwa mtu ambaye hamjaonana siku nyingi. Ukimuuliza kila siku anaanza kujiuliza, kwani naonekana mgonjwa? Mahali pa zile habari zetu zote wao wanaweka hali ya hewa. Unasema atsui desu ne, "joto, eeh?", na kwa Ifakara hiyo utaitumia miezi yote mpaka ichakae. Mwenzako anajibu soo desu ne, "kweli eeh." Hapo mmesalimiana. Hamjaambizana kitu, lakini mmesalimiana, na mkono kila mtu na wake.

Mkikutana mara ya kwanza: hajimemashite, halafu jina lako na desu, halafu yoroshiku onegaishimasu. Hajimemashite ni "ndiyo tunaanza". Hiyo ya mwisho haitafsiriki vizuri, ni kama kujikabidhi, "naomba unichukulie kwa wema." Wanaitumia wakianza kazi, wakiomba msaada, wakimaliza kuandika barua. Ukiijua moja tu kati ya zote, jua hiyo. Mfano, kijana wa Kibaoni anajitambulisha:

"Hajimemashite. Juma desu. Yoroshiku onegaishimasu."

Jina lako usiliwekee san. Hii nimeiona sana, mtu anajitambulisha "Juma-san desu" kwa mbwembwe. San ni heshima unayompa mwingine, kama Bwana au Bi. Kujipa mwenyewe ni kama kusema "Mimi ni Mheshimiwa Juma." Wanaofanya hivyo huku kwetu tunawajua, na tunajua tunavyowaona!

Kwa upande wa mwenzako, jina lake na san, siku zote. Mwalimu na daktari ni sensei. Neno la "wewe" lipo, anata, vitabu vinalifundisha ukurasa wa kwanza, lakini kwa mtu mzima ukilikwepa ni bora. Mbona na sisi mtu mzima hatumwambii "wewe" usoni, tunasema mzee, mama, shangazi, bosi? Ni vilevile.

POLE NA KAZI

Sasa nije kwenye neno la yule mwenzangu wa baiskeli.

Mzungu akimkuta mtu amechoka analima, hana cha kusema. Atamwambia unafanya kazi nzuri, au atanyamaza. Kiswahili tuna pole na kazi, na Mzungu akiisikia anashangaa, kwani kuna msiba? Mjapani hashangai kabisa, kwa sababu anayo yake: otsukaresama desu. Ndani yake kuna tsukare, uchovu, mbele umewekwa heshima na nyuma umewekwa heshima. Uchovu wako ninautambua na ninauheshimu. Si ndiyo pole yenyewe hiyo? Wanaambizana kazini mchana kutwa, wanapopishana, wanapomaliza kikao, wanapofunga ofisi. Kazi ikishaisha kabisa wanasema otsukaresama deshita, wakati uliopita.

Fikiria jioni mnarudi kutoka shamba, matope mpaka magotini, mgeni wenu kashinda juani anapima majaruba. Ukimwambia hiyo, umemwambia kitu anachokijua tangu kwao. Ila angalizo moja: kuna nyingine inafanana nayo, gokuroosama, utaisikia kwenye sinema za kale. Hiyo ni ya mkubwa kumwambia mdogo. Ukimwambia bosi wako umejifanya wewe ndiye bosi.

Anayeondoka kazini kabla ya wenzake haondoki kimya. Anasema o-saki ni shitsurei shimasu, "nakosa adabu, natangulia." Wanaobaki wanamjibu otsukaresama deshita. Mkia wa dada wa fuso umeuona hapo? Shimasu.

Aliyeumwa unamwambia odaiji ni, ugua pole. Na mtu anayehangaika na jambo gumu, mtihani au mbio, anaambiwa ganbatte kudasai, kwa kelele za uwanjani ganbare! Kwetu ni "kaza!", "komaa!" Wajapani wanapenda mno mbio ndefu, na barabarani watu wanajipanga kupiga hizo ganbare. Juma Ikangaa wetu alishinda Tokyo mwaka 1984 na Fukuoka mwaka 1986, basi hizo kelele masikio yake yanazifahamu vizuri.

MPUNGA, MCHELE, WALI

Kuna jambo nilipoligundua nilicheka peke yangu. Kiingereza mpunga, mchele na wali vyote wanaviita neno moja. Mtu anakuambia amenunua, hujui kama ni wa kupanda, wa kupika au ameshaiva. Kijapani wametenganisha kama sisi! Mpunga ulioko shambani ni ine, punje zikiwa bado na maganda ni momi, mchele ni kome, wali ni gohan. Na hiyo gohan ndiyo pia maana yake chakula, mlo. Asagohan ni chakula cha asubuhi. Mtu wa Ifakara asiyehesabu kwamba amekula mpaka ale wali ataelewa haraka.

Tena shamba la mpunga lenyewe ni ta, na katikati ya jina mara nyingi inageuka da. Sasa soma majina yaliyojaa barabarani kwetu: Toyota, Honda, Kubota. Yote asili yake ni majina ya ukoo wa watu, na yote yana jaruba la mpunga ndani yake. Hata Mazda, mwenye kiwanda aliitwa Matsuda, mpunga tena. Pawatila ya Kubota inayolima Kilombero imebeba shamba la mpunga kwenye jina lake. (Na Isuzu? Huo ni mto. Fuso ni jina la kale la Japani yenyewe.)

Watu wa mpunga wana adabu ya mezani. Kabla ya kula unasema itadakimasu, ukiwa umeunganisha viganja ukipenda. Maana yake "napokea", kwa unyenyekevu, kama mtu anayepokea kitu kwa mikono miwili. Inamgusa aliyepika, aliyelima, na hata samaki mwenyewe. Usianze kula bila hiyo. Ni kama kwetu kula bila kunawa au bila bismillahi, watu watakula na wewe lakini wamekuona. Ukimaliza: gochisoosama deshita. Ndani yake kuna habari ya kukimbia huku na huku, yaani umehangaika kwa ajili yangu. Mama wa nyumba anaisikia hiyo mpaka moyoni.

Na usiache punje kwenye bakuli. Kuna neno lao mottainai, la kusikitikia kitu kinachopotea bure na bado kina thamani. Wangari Maathai wa Kenya alilisikia alipokwenda Japani mwaka 2005, mwaka mmoja baada ya kupata Nobel, likampendeza akalitumia duniani kote kwenye mambo ya mazingira. Bibi yangu hakujua Kijapani lakini punje ya mchele ikianguka aliokota, na aliyeidondosha alijua siku hiyo.

Wali wao lakini, nisiwadanganye, unashikana. Kwetu ungeambiwa umepika bokoboko, mchele wa Supa umeuharibu. Wao wanautaka hivyo, unakamatika kwa vile vijiti.

HODI

Nyumbani kwa Mjapani hodi ipo. Mlangoni, hasa kwa watu wazima na vijijini, ni gomen kudasai. Wa ndani anasema hai, doozo, "ndiyo, karibu." Unavua viatu (umeshazoea), halafu ukivuka kizingiti unasema ojama shimasu, "naingia kuwasumbua". Mwenyeji naye wa kwao akirudi anasema tadaima, "ndiyo nafika", anajibiwa okaerinasai. Sisi tunasema "nimerudi" na "za huko?" Basi ndiyo hiyo.

Asante ni arigatoo gozaimasu. Mkia kama wa asubuhi, ukataji kama wa asubuhi. Ila utashangaa kuona mara nyingi mtu akipewa kitu hasemi asante, anasema sumimasen, "samahani". Samahani ya nini tena? Neno lenyewe kwa asili ni kama "haijaisha", deni langu kwako halijaisha. Umeacha shughuli zako kwa ajili yangu, kwa hiyo naomba radhi na nashukuru kwa pamoja. Na ndiyo hiyohiyo ya kumwita mhudumu hotelini au kupita katikati ya watu. Mwisho wake masen, ni ndugu wa ile imasen ya kadi ya gari: masu inakubali, masen inakataa. Ukiomba kitu, taja kitu halafu kudasai. Mizu o kudasai, naomba maji.

MITEGO YA WASWAHILI

Nani kwa Kijapani ni "nini". Rafiki yako wa Kijapani akiuliza "Nani?" huku anakuangalia, usianze kumtajia majina ya watu. Hai ni "ndiyo", lakini ndiyo ya kwamba nimesikia. Anatikisa kichwa, hai, hai, hai, wewe unadhani biashara imeisha, kumbe ni kama "ehee" yetu ya kumsikiliza mtu. Kukataa kwenyewe hawakatai waziwazi. Anavuta pumzi, anasema "chotto...", yaani "kidogo...", na hamalizii. Hapo umeshakataliwa. Mtu aliyewahi kumwomba ajira mtu akaambiwa "tutawasiliana" anaujua muziki huo.

Baba kwao, ukiitamka kama tunavyoitamka sisi, ni neno la kukosa adabu la kumwitia kikongwe wa kike. Mama ni mama. Na mnyama dubu ana jina ambalo siwezi kuliandika hapa, wakubwa wanasoma. Siku Mjapani akiwahadithia habari za dubu wa kwao kaeni kimya, msicheke, yeye hana kosa.

Kwenye simu ni moshi moshi. Hapana, hajapiga kuuliza habari za Kilimanjaro. Inatokana na kitenzi cha heshima cha "kusema", ni kama "nasema, nasema". Ya simu tu, ukimwambia mtu uso kwa uso anacheka. Na wale mnaowaandikia wauza magari wa Japani, wakikujibu jina lako limewekewa sama nyuma yake, usidhani umepandishwa cheo. Ni heshima ya mteja. Wewe mjibu kwa san, inatosha sana.

Usiku wa kulala ni oyasuminasai. Kuagana mnajua sayoonara kwa sababu ya sinema, lakini hiyo ina uzito, ni ya watu ambao huenda wasionane karibuni. Kwa bosi au mgeni ni shitsurei shimasu, kwa mtu mnayeonana kesho ni mata ashita, kwa washkaji mata ne.

Yule mzee wa mpunga nilikuja kumwona tena siku anaondoka, yuko kivukoni anasubiri zamu ya gari lake. Nilikuwa nimeshajifunza kiduchu. Nikasogea, nikainamisha kichwa, nikasema otsukaresama deshita. Alinyamaza kama sekunde mbili hivi. Halafu akainama yeye, chini kuliko mimi nilivyoinama, akasema: "Pole na wewe, kijana."

Haya, kazi kwenu. Na fuso ikisema "hidari ni magarimasu", ujue inakata kushoto. Sogea.